Kundi la Mwembeni: kisa cha darasa la tatu Mbagala

Mwezi wa sita, mwalimu wa darasa la tatu mkondo B katika shule moja ya msingi ya serikali huko Mbagala alimpelekea mwalimu mkuu matokeo ya mtihani wa muhula, na ndani yake barua fupi ya ombi: watoto kama thelathini warudishwe darasa la pili. Kiswahili hawakufika alama 20 kati ya 100, na Hisabati ilikuwa vilevile. Darasa hilohilo lilikuwa na watoto wa alama 90 na zaidi, ambao walimaliza zoezi kabla mwalimu hajamaliza kuliandika ubaoni, kisha wakaanza vurugu. "Nikienda na hawa, wale wanasinzia," alisema kwenye kikao. "Nikirudi kwa wale, hawa wanapigana."

Shule siitaji, na mambo madogo madogo nimeyachanganya na ya madarasa mengine niliyoyapitia ili mtoto asitambulike. Niliitwa na mwalimu wa taaluma wa shule hiyo kwa sababu nimefundisha kusoma na kuandika madarasa ya chini kwa muda mrefu. Alichotaka kwangu kilikuwa maoni tu. Yakaishia kuwa muhula mzima.

Hali ya darasa lenyewe wengi wanaijua. Mbagala inapanuka kila mwaka kuelekea Chamazi na Kongowe, na shule zilizokuwapo zinabeba watoto wa mitaa ambayo juzi ilikuwa mashamba ya mikorosho. Tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima vilipoondolewa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, watoto ambao wangebaki nyumbani waliingia shule, jambo jema kabisa, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kwenye orodha ya mkondo huo mmoja kulikuwa na majina zaidi ya mia moja. Walikaa wanne kwenye dawati la watu watatu, waliobaki walikaa sakafuni mbele ya ubao. Shule inaenda zamu mbili. Umri ulianzia miaka minane mpaka kumi na miwili. Wengine walipitia awali, wengine waliingia darasa la kwanza bila kujua kushika penseli, na kila mwezi wanakuja wapya kutoka Lindi na Mtwara, wengine hata barua ya uhamisho hawana. Mtu anaposema "wanafunzi wenye mahitaji tofauti", wengi wetu tunamfikiria mtoto mmoja wa kiti cha magurudumu. Pale mahitaji tofauti yalikuwa darasa zima.

Mwalimu mkuu alilikataa ombi la kuwarudisha watoto, na sababu yake ilikuwa ya kiutawala kuliko ya kitaaluma: darasa la pili nalo limejaa. Kikao kikabaki na mawazo mengine. Mwalimu mmoja alitaka twisheni ya jioni kwa wanaoweza kulipa. Hilo lilikufa haraka, maana wanaoweza kulipa si wale wasiojua kusoma. Mwalimu mkuu mwenyewe alifikiria kutumia ruzuku ya uendeshaji kuongeza vitabu vya kiada. Mwalimu kijana aliyetoka semina karibuni alipendekeza watoto wagawanywe kwa "mitindo ya kujifunza": wanaojifunza kwa macho wakae upande huu, kwa masikio upande ule, kwa mikono kule nyuma.

Haya mawili ya mwisho yanastahili jibu, kwa sababu yanasikika vizuri.

Vitabu kwanza. Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule za vijijini Kenya zilizopewa vitabu vya kiada bure, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa juu tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza na viliandikwa kwa kiwango ambacho wengi walikuwa hawajakifikia, kwa hiyo aliyeweza kuvisoma alisonga mbele na asiyeweza alibaki na kitabu kipya mkononi. Vitabu vyetu ni vya Kiswahili, sawa. Lakini mtoto anayebabaika kwenye silabi haoni tofauti kubwa kati ya ukurasa wa Kiswahili na wa lugha nyingine yoyote.

Mitindo ya kujifunza nayo, ingawa bado inafundishwa kwenye semina kibao, haina msingi. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, wakiongozwa na Harold Pashler, walipitia tafiti zilizokuwapo wakitafuta ushahidi kwamba mtoto hujifunza zaidi akifundishwa kwa "mtindo" wake. Ushahidi wa kutosha hawakuupata. Picha zinasaidia, kusikia kunasaidia, kushika vitu kunasaidia, na vinawasaidia watoto wote. Kumwambia mtoto wa miaka tisa kwamba yeye ni wa masikio ni kumfungia mlango wa kitabu.

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye kikao ni hili: hawa watoto wanaweza nini? Mtihani wa muhula ulionyesha walichoshindwa, basi. Mtoto aliyepata 12 anaweza kuwa hajui herufi, au anasoma maneno lakini polepole kiasi kwamba muda unaisha, au anasoma vizuri na haoni ubao. Alama ni ileile 12.

Tukawapima mmoja mmoja, mikondo yote miwili, kwa karatasi ya mtindo ule wa Uwezo, upimaji wa watoto wa kusoma na kuhesabu ambao watu wa kujitolea walikuwa wakipita nao nyumba kwa nyumba: herufi na silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi yenye maswali mawili. Mtoto anaanzia katikati. Akiweza anapanda, akishindwa anashuka. Kila mmoja alitumia dakika mbili au tatu. Kwa Hisabati tuliwapa hesabu chache za kuandika, na nyingine za mdomo. Kazi hii haina ustadi wa pekee, inachosha tu, na nadhani ndiyo sababu haifanyiki.

Jambo la kwanza lililojitokeza lilinyamazisha wengi. Mvulana mmoja mchangamfu, ambaye mwalimu wake aliapa kwamba anasoma, alifunguliwa kitabu cha kiada akatiririka aya nzima bila kukwama. Tatizo lilikuwa kwenye kidole. Kidole kilikuwa mstari wa pili huku mdomo ukiwa wa nne. Alipopewa aya asiyowahi kuiona, alitazama juu, akatutazama, akaanza kubuni. Walimu walijua wako watoto wa namna hiyo. Hawakujua ni wengi kiasi kile. Darasani wanasoma kwa kuitikia pamoja, na kwenye sauti ya watoto mia moja nani atagundua midomo kumi inayofuata nyuma nusu silabi?

La pili lilihusu vipanga. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishamudu silabi anaweza kusoma chochote kwa sauti, hata waraka wa benki. Baadhi ya watoto wa alama za juu walisoma hadithi kwa kasi nzuri, na walipoulizwa kwa nini yule mama alirudi sokoni, walirudia sentensi ya kwanza. Nao walihitaji kufundishwa, ila kitu kingine kabisa.

La tatu nitalirudia chini: msichana wa dawati la nyuma na mvulana wa karanga.

Matokeo ya jumla yalikuwa hivi: kama theluthi ya watoto hawakuvuka silabi, kundi kubwa lilikuwa kati ya maneno na aya, na waliobaki walisoma hadithi. Kwa lugha nyingine, mwalimu alikuwa akifundisha kitabu cha darasa la tatu kwa wachache, mbele ya macho ya wengi.

Tulichokiamua hakikuwa kigeni. Shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai, India, katikati ya miaka ya 1990, lilijenga kazi yake juu ya kuwapanga watoto kwa kiwango wanachoweza badala ya darasa walilomo. Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walipima mpango wake wa awali katika miji ya Mumbai na Vadodara, ambako mabinti wa mtaani walichukua watoto waliobaki nyuma na kuwafundisha mambo ya msingi kama saa mbili kwa siku. Utafiti uliotoka mwaka 2007 ulionyesha alama zilipanda, na waliokuwa chini kabisa ndio waliopanda zaidi. Jirani zetu wa magharibi mwa Kenya walijaribu njia kali zaidi: katika shule 121 zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza, karibu nusu ziligawa watoto mikondo miwili kwa uwezo wao wa kuanzia, nyingine ziligawa kwa bahati nasibu. Duflo, Pascaline Dupas na Kremer waliripoti mwaka 2011 kwamba kugawa kwa uwezo kuliwasaidia watoto wa mikondo yote miwili, wa chini pia.

Utafiti huo wa Kenya ulitajwa sana kwenye kikao chetu, na mwalimu wa taaluma alitaka tuufuate moja kwa moja: mkondo A wa wanaojua, B wa wasiojua, basi. Mimi nilipinga. Kule walikuwa watoto wa darasa la kwanza, ndiyo kwanza wanaanza, na waliongezewa mwalimu wa pili. Kwetu watoto walikuwa wameshajuana miaka miwili, na mkondo wa wasiojua ungepewa nani? Kila mtu mezani alijua jibu. Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, matokeo yanabandikwa, shule inapangwa nafasi kwenye kata. Mwalimu hodari angepelekwa kwa wale wa kupaisha shule. Tukakubaliana: watoto wanabaki kwenye mikondo yao ya mchanganyiko siku nzima, isipokuwa saa moja kila siku ambapo mikondo yote miwili inavunjwa na kila mtoto anakwenda kwenye kundi la kiwango chake. Wanapimwa upya kila baada ya wiki kadhaa, na anayevuka anahama siku hiyohiyo.

Niliweka sharti moja ambalo lilileta ubishi kuliko mengine yote, nalo ni kwamba mwalimu bora wa kusomesha apewe kundi la silabi. Mwalimu mkuu aliniuliza, "Mwalimu, unataka nimpe fundi kazi ya kibarua?" Nilimjibu kwamba anayesoma hadithi tayari anaweza kujisogeza kwa kitabu na maswali mazuri, hata mwalimu akiwa wa kawaida. Anayeshindwa kuunganisha silabi hajisogezi popote bila mtu. Alikubali kwa shingo upande.

Wiki ya kwanza ilikuwa fujo. Makundi yalipewa majina ya wanyama, twiga, pundamilia na kobe, na kabla ya mapumziko kila mtoto shuleni alishajua kobe ni vilaza. Wawili walijificha chooni saa ya kundi ilipofika. Majina yakabadilishwa yakawa ya mahali tu: darasani kwa wa hadithi, barazani kwa wa maneno na aya, mwembeni kwa wa silabi. Nayo yakachafuka, ila polepole, na kilichoyasafisha ni watoto kuhama. Wasichana watatu walipotoka mwembeni kwenda barazani katika upimaji wa kwanza, na mvulana mmoja wa barazani akaombwa arudi mwembeni kwa sababu maneno marefu yalimshinda, watoto waliona kwamba hakuna anayekaa mahali milele. Kundi lisilo na mlango wa kutokea ni mkondo wa vilaza, liitwe jina lolote lile.

Saa ya mwembeni nataka kuieleza kidogo kwa kirefu, kwa sababu watu wakisikia "mbinu shirikishi" wanawaza makundi ya watoto kuzunguka bango na kalamu za rangi.

Vifaa vilikuwa kadi zilizokatwa kwenye katoni za sabuni, vizibo vya soda, na chati ya silabi iliyoandikwa kwa chaki kwenye sakafu ya saruji kando ya mti: konsonanti kwenda chini, irabu kwenda kulia. Mwalimu anasema "mo", mtoto anaruka kwenye mraba wa "mo". Anasema "to", anaruka. "Umeruka neno gani?" Hapo ndipo kazi ilipo, maana wengi waliweza kuruka silabi mbili bila kusikia kwamba wameruka moto. Baada ya dakika kumi za kuruka wanakaa, wanajenga maneno kwa kadi, kila mmoja anaandika maneno yake mwenyewe kwenye daftari, na mwalimu anapita akisikiliza mmoja mmoja. Kuitikia kwa pamoja kulipigwa marufuku mwembeni. Kulikuwa kimya kiasi kwamba mwalimu wa zamu alikuja kuangalia kama kuna mwalimu.

Silabi ngumu zilitutoa jasho. Mtoto anayejua "na, ne, ni" akikutana na "nyota" anasoma "ni-yo-ta". Gwaride linakuwa "gu-wa-ri-de". Mwalimu hakumwambia umekosea. Alimwambia alitamke neno lenyewe kama anavyolisema akiwa nyumbani, apige makofi: nyo, ta. Makofi mawili. Kisha arudi kwenye maandishi atafute kofi la kwanza linaishia wapi. Mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye aliyefunika "nyo" kwa kidole na kusema, "Kumbe hizi zinakaa pamoja." Kwa "ng'ombe" na "ngoma" ilichukua muda zaidi, na kwa kweli hata baadhi ya walimu huandika "ngombe" ubaoni bila ile alama ya ritifaa ('), halafu wanashangaa.

Jambo dogo la pembeni: baadhi ya watoto walioandika "kura" badala ya "kula" walikuwa wakikatwa alama za kusoma. Kwao l na r husikika sauti moja, na wakisoma wanajua vizuri kabisa mtu anakula. Hilo ni somo la tahajia. Lifundishwe, lakini lisihesabiwe kama kutojua kusoma.

Saa moja ya makundi haikutosha peke yake, kwa sababu siku iliyobaki watoto walirudi kwenye lile darasa la mia moja. Humo tulibadilisha machache. La kwanza halina gharama: kusubiri. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika kazi zake za miaka ya 1970, alikuta walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto ambao hawajibu kamwe wakaanza kujibu. Mwalimu wa mkondo B alicheka aliposikia, akasema sekunde tatu si kitu. Siku ya kwanza hakuweza. Kimya kilimkera, na vipanga wa mbele walikuwa wameshanyoosha mikono wakiita "mimi mwalimu, mimi mwalimu". Ikabidi mikono ipigwe marufuku, majina yachotwe kwenye kopo la vijiti vyenye namba za orodha, na kila swali mtoto alinong'oneze kwanza kwa jirani. Aliyechotwa akikwama anaruhusiwa kusema jirani yake amesemaje. Hapo waoga walipata cha kusema.

La pili ni maswali ya ngazi tofauti juu ya kifungu kimoja. Hakuna mwalimu wa watoto mia moja atakayeandika maandalio matatu ya somo kila siku, na anayemshauri hivyo hajawahi kusahihisha madaftari mia moja. Kifungu kilibaki kimoja, kikasomwa kwa sauti na mwalimu kwanza ili asiyejua kusoma asikose hadithi. Kisha wengine walitafuta na kuandika majina ya watu na vitu, wengine walijibu nani na wapi, wengine walijibu kwa nini. Wote walizungumza juu ya hadithi moja.

Msichana wa dawati la nyuma sasa. Alisoma hadithi yote kwenye karatasi yetu bila shida, akajibu maswali yote mawili. Mtihani wa muhula alipata 18. Mtihani huo, kwa kukosa fedha za kudurufu, uliandikwa ubaoni. Madaftari yake yalikuwa na makosa ambayo yalikuwa pia kwenye daftari la jirani yake, yaleyale, mstari kwa mstari. Alikuwa akinakili kwa jirani kwa sababu ubao hauoni, na hakuwahi kusema kwa sababu alidhani kila mtu anaona ukungu uleule. Siku hiyohiyo akahamishwa mbele. Miwani ilipatikana baada ya mwalimu na mama yake kwenda hospitali pamoja.

Wengi wangeishia hapo kwenye kusimulia. Lakini upo utafiti uliofanyika hapahapa Dar es Salaam, kwenye shule za sekondari, ukachapishwa mwaka 2008: wanafunzi wenye matatizo ya kuona waligawanywa, wengine wakapewa miwani bure, wengine wakapewa cheti tu wakanunue. Baada ya miezi mitatu, chini ya nusu ya waliopewa bure ndio walikuwa wakiitumia au wanayo shuleni. Kati ya waliopewa cheti ilikuwa kama robo. Kwa hiyo tulitegemea shida, na ikaja. Baada ya siku chache miwani ikawa inabaki kwenye begi. Wavulana walimwita "bibi", na mama yake naye aliogopa itavunjwa na hana nyingine. Mwalimu alichofanya ni kuichukua miwani ikae kwenye droo yake. Asubuhi msichana anaipokea, mapumziko anairudisha, akienda nyumbani anaiacha. Mama akapumua. Na kwa kuwa alikuwa msomaji mzuri, alipewa kazi ya kusoma kifungu cha siku kwa sauti mbele ya darasa, kazi ambayo bila miwani haiwezekani. Hao wavulana waliendelea kumwita bibi kwa muda, kisha wakachoka.

Mvulana wa karanga ni kisa kingine. Miaka kumi na moja, Hisabati alama 8. Kila jioni anauza karanga stendi ya Rangi Tatu. Mwalimu wa taaluma alimuuliza kwa mdomo: mteja kachukua vifuko saba vya mia mbili, kakupa elfu mbili. "Mia sita," alijibu, bila hata kuangalia juu. Akapewa kwenye karatasi: 2000 kutoa 1400. Alipanga vizuri, sifuri chini ya sifuri. Kulia aliandika 0, ikafuata 0, akafika kwenye sifuri kutoa nne akaandika 4, kisha mbili kutoa moja, 1. Jibu lake: 1400. Hakuona ajabu yoyote.

Mtafiti Terezinha Nunes na wenzake waliona jambo hilihili Recife, Brazili, wakachapisha mwaka 1985. Watoto wachuuzi walipata karibu hesabu zote walipoulizwa kwenye biashara yao, asilimia 98. Hesabu za namna hiyo zilipoandikwa kama namba tupu walipata asilimia 37. Walikuwa watoto watano tu, na mtu asijenge sera ya nchi juu ya watoto watano, lakini mwalimu yeyote wa Mbagala, Manzese au Buguruni anawajua watoto hao kwa sura. Wanajua hesabu. Maandishi ya hesabu ndiyo hawajaonyeshwa yanahusiana vipi na wanachokifanya.

Mwalimu wake alikata noti za karatasi. "Una elfu mbili, unatakiwa utoe mia nne lakini huna mia hata moja. Stendi ungefanyaje?" "Nachenji." Akachenji elfu moja kwa mia kumi, akatoa nne, akabaki na sita, akatoa ile elfu nyingine. Kisha wakaandika kila hatua pembeni ya noti: hii ndiyo ile "kukopa" ya ubaoni. Akaelewa. Wiki iliyofuata alisahau, akaonyeshwa tena. Baada ya hapo alianza kuangalia jibu lake na kuuliza kama mteja angekubali chenji hiyo.

Lakini kusoma hakukwenda. Mahudhurio yake yalikuwa ya kuvunjika vunjika, na mwalimu alikwenda kwa bibi yake anayemlea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaharibu nini?"

"Hajaharibu kitu bibi. Huwa anauza karanga mpaka saa ngapi?"

"Mpaka magari yapungue. Sasa mwanangu, asipouza yeye, nani atanunua unga?"

Hakuna utafiti wa mbinu za kufundishia unaojibu swali hilo, na sipendi waandishi wanaolipita kimyakimya. Walichoafikiana ni kwamba siku za shule aondoke stendi mapema, na fedha zikipungua atafidia Jumamosi. Bibi alitimiza kwa siku nyingi, si zote.

Pigo kubwa zaidi kwa mpango lilitoka kusikotarajiwa. Makundi yaliwezekana kwa sababu walikuwapo walimu wa mazoezi kutoka chuo cha ualimu, wawili, na mmoja aliongoza barazani. Mazoezi yao yalipokwisha, mikono ikapungua, na kwa siku kadhaa makundi hayakufanyika kabisa. Tulijaribu wanafunzi wa darasa la sita kuwasikiliza wadogo wakisoma wawili wawili. Ilifaa barazani, ambako mtoto anahitaji tu mtu wa kumsikiliza na kumrekebisha. Mwembeni haikufaa: wakubwa waliwatajia wadogo jibu, na mmoja alikuwa na kiboko. Hatimaye kundi la hadithi lilipewa kazi ya kusoma wenyewe chini ya usimamizi wa mbali, mwalimu wake akahamia barazani, na mvua zilipoanza mwembeni pakahamia stoo ya madawati mabovu.

Upimaji wa mwisho wa mwaka ulionyesha sehemu kubwa ya watoto walioanza kwenye silabi wanasoma maneno au aya. Wachache walifika hadithi, na msichana mmoja kati yao alitoka sifuri kabisa. Mvulana wa kidole kilichopotea mstari anasoma aya, polepole, kidole kikiwa mahali pake. Kama watoto saba hivi hawakusogea. Kati yao watatu ni watoro, na mmoja ni mvulana wa karanga, ambaye Hisabati alipata 46. Waliobaki walihudhuria kila siku na bado herufi zinawageukia. Hao wanahitaji kupimwa na mtaalamu wa elimu maalumu, na mwalimu mkuu ameandika barua kwa afisa elimu. Ningependa barua hiyo ingeandikwa miezi minne kabla. Kuona kwamba mtoto hasogei wakati wenzake wote wa kundi moja, mwalimu mmoja, saa ileile wanasogea, ni kipimo chenyewe.

Sasa watoto wanaingia darasa la nne na kikao cha mwisho kilikuwa na hoja moja: mwalimu mkuu anaitaka ile saa moja irudi kwa ajili ya mitihani iliyopita ya upimaji wa kitaifa. Mwalimu wa mkondo B, yuleyule aliyeandika barua ya kuwarudisha thelathini, alisimama akasema mtoto asiyesoma swali hafaidiki na mitihani kumi iliyopita. Wakagawana: mpaka likizo ya mwezi wa sita makundi yanaendelea siku nne, Ijumaa ni ya mitihani. Upimaji wa kwanza ni wiki ya pili ya Januari. Kundi la mwembeni atalichukua yeye.